Mgonjwa Akisema Anaungua

Tarehe 3 Juni 1985, katika kituo cha tiba ya saratani mjini Marietta, jimbo la Georgia nchini Marekani, mama wa miaka 61 alilala chini ya mashine ya mionzi. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe wa saratani kwenye titi, na sasa alikuwa anapigwa miale ya elektroni karibu na mtulinga ili kumaliza mabaki ya ugonjwa. Mashine ilipowashwa, alihisi joto kali mno. Mhudumu alipoingia chumbani, mama yule alimwambia: umeniunguza. Mhudumu akamjibu kwamba haiwezekani.

Mhudumu hakumdanganya. Alisema alichofundishwa, na siku ile ngozi ya mgonjwa ilikuwa na joto tu, haikuwa na jeraha. Jeraha lilikuja baadaye. Wekundu ulijitokeza kifuani, kisha mgongoni sawia na pale miale ilipoingilia. Mwishowe titi likakatwa, bega na mkono vikapooza, maumivu yakabaki. Dozi ya kawaida kwa siku moja ya matibabu kama yale ni rad 200 hivi, rad ikiwa kipimo cha mionzi. Mwanafizikia wa hospitali alikuja kukadiria kwamba mama yule alipata kati ya 15,000 na 20,000. Mwanafizikia huyo alipowapigia simu waliounda mashine kuuliza kama kitu cha namna hiyo kingeweza kutokea, baada ya siku chache alipata jibu lile lile: haiwezekani.

Neno hilo ndilo linalonihangaisha. Mhudumu alilitamka, lakini hakulitunga yeye. Lilitungwa miaka kadhaa kabla, kwenye meza za wahandisi, kwa maamuzi yaliyoonekana ya kiufundi tu: swichi ipi ibaki, swichi ipi iondolewe, skrini iandike nini mambo yakiharibika. Mhandisi wa vifaa tiba, ajue asijue, huamua mapema nani ataaminiwa siku mashine na mgonjwa watakapopingana. Sioni jukumu zito kuliko hilo katika kazi hii, na sioni linalozungumzwa kwa uchache zaidi yake.

Mashine yenyewe iliitwa Therac-25. Iliundwa na Atomic Energy of Canada Limited, shirika la serikali ya Kanada linalojulikana kwa kifupi kama AECL, ikaanza kuuzwa mwishoni mwa 1982. Zilifungwa 11 tu, 5 Marekani na 6 Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa 6 katika hospitali 4 walipigwa mionzi kupita kiasi, kwa kiwango cha kutisha, na angalau 3 kati yao walikufa kwa sababu hiyo. Mengi tunayoyajua yanatokana na uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa Julai 1993. Wanafunzi wengi wa kompyuta husoma kisa hiki darasani na kuondoka na somo moja, kwamba programu ilikuwa na kosa. Ni kweli ilikuwa nalo. Ila kosa la programu ni sehemu ndogo ya kisa, na ukiishia hapo umewaacha wahandisi waondoke kwa urahisi.

Therac-25 ilifanya kazi mbili. Kwa ugonjwa ulio karibu na ngozi ilitoa miale ya elektroni, kwa nguvu ndogo, ikatawanywa na sumaku ili ienee. Kwa ugonjwa ulio ndani zaidi ilitoa eksirei, na hapo mkondo wa elektroni uliongezwa karibu mara 100, kwa sababu elektroni hizo hugonga kwanza kipande cha chuma kinachozigeuza kuwa eksirei na nguvu nyingi hupotea njiani. Sahani inayozunguka ndiyo iliyopaswa kuweka kifaa sahihi mbele ya miale kwa kila kazi. Hatari iko wazi hata kwa asiyejua fizikia: nguvu ya eksirei ikitoka huku kipande cha chuma hakipo mahali pake, mgonjwa anapigwa na mkondo mzima, mwembamba, usiopunguzwa na chochote.

Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na saketi za kujitegemea na vizuizi vya vyuma vilivyozuia jambo hilo kwa nguvu, hata kompyuta ikosee vipi. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, usalama ukakabidhiwa kwa programu. Kwa nini kulipia ulinzi mara mbili? Sehemu ya programu ilirithiwa kutoka mashine za zamani, na mashine za zamani hazikuwa zimemdhuru mtu.

Sasa twende Tyler, mji wa mashariki mwa Texas, tarehe 21 Machi 1986.

Mgonjwa alikuwa mwanamume aliyekuja kwa matibabu yake ya tisa. Alilala kifudifudi. Daktari alikuwa ameandika rad 180 za elektroni, sehemu ya juu ya mgongo, kushoto kidogo ya uti wa mgongo. Mhudumu alikuwa chumba cha pili nyuma ya mlango mzito, kama inavyotakiwa, na alikuwa mzoefu wa mashine ile. Akaingiza maelezo upesi. Kisha akaona kosa dogo: alikuwa ameandika herufi ya eksirei badala ya herufi ya elektroni. Wagonjwa wengi walikuwa wa eksirei, kidole kilikuwa kimezoea. Akabonyeza mshale wa juu, akarudi kwenye mstari ule, akarekebisha, akashuka chini kwa kubonyeza kitufe cha kukubali. Skrini ikathibitisha kwamba yote yako sawa. Akaamuru miale itoke.

Mashine ikasimama. Skrini ikaandika: hitilafu 54. Karatasi ya maelezo iliyobandikwa pembeni ilisema tu kwamba hitilafu 54 ni ya ingizo la dozi namba 2, na kitabu cha mwongozo hakikueleza zaidi. Skrini ikaonyesha pia kwamba mgonjwa amepata vipimo 6 kati ya 202 vilivyoombwa. Yaani alipungukiwa. Mhudumu alikuwa ameshazoea hitilafu za namna hiyo; wahudumu wa mashine hizi walisimulia siku ambazo mashine ilisimama mara nyingi, na kubonyeza herufi P kulitosha kuendelea. Akabonyeza P.

Ndani ya chumba, mgonjwa alikuwa amehisi kitu kama kahawa ya moto iliyomwagwa mgongoni, au shoti ya umeme. Mara nane zilizopita hakuwahi kuhisi hivyo, kwa hiyo alijua. Akaanza kujiinua aombe msaada. Siku hiyo kamera ya chumbani ilikuwa imechomolewa na spika ilikuwa mbovu, hivyo hakuna aliyemwona wala kumsikia. Alipokuwa anainuka, pigo la pili likampata mkononi. Akashuka kitandani, akaenda mlangoni, akagonga kwa nguvu mpaka mhudumu akafungua.

Makadirio ya baadaye yalisema alipata kati ya rad 16,500 na 25,000, katika eneo la takriban sentimita moja, kwa muda usiofika sekunde moja. Wiki zilizofuata alipoteza nguvu za mkono wa kushoto, kisha miguu yote miwili, kisha sauti. Alifariki baada ya miezi mitano.

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wa uhandisi wasome polepole. Siku iliyofuata ajali, wahandisi wa kampuni walifika Tyler. Waliijaribu mashine, hawakuweza kuirudisha hitilafu 54. Mmoja wao akaeleza kwamba mashine haiwezi kutoa dozi iliyozidi. Wafanyakazi wa hospitali wakauliza: kuna mahali pengine limetokea jambo kama hili? Wakajibiwa kwamba kampuni haina habari ya ajali yoyote ya mionzi iliyozidi. Wakati jibu hilo linatolewa, mama wa Marietta alikuwa ameshajeruhiwa, mgonjwa wa Hamilton huko Kanada alikuwa ameshaungua Julai 1985 baada ya mashine kusimama na kuendelezwa mara kadhaa, na mwingine wa Yakima, jimbo la Washington, alikuwa na mistari myekundu ngozini tangu Desemba. Hospitali ikadhani labda ni umeme. Mafundi wa umeme wakaletwa, wasione kasoro. Tarehe 7 Aprili mashine ikarudi kazini.

Tarehe 11 Aprili, hospitali ile ile, mhudumu yule yule, mgonjwa mwingine mwenye saratani ya ngozi usoni. Kosa lile lile la herufi, mshale ule ule wa juu, hitilafu ile ile 54. Safari hii spika ilikuwa nzima, na mhudumu alisikia sauti ya kishindo, kisha mtu akigumia. Mgonjwa alisema uso unamwaka moto. Alifariki kabla ya wiki nne kwisha.

Aliyefumbua fumbo hakuwa mhandisi wa kampuni. Alikuwa mwanafizikia wa hospitali, akisaidiwa na mhudumu ambaye alikumbuka hatua zake zote. Waliifunga mashine kwa wagonjwa, wakakaa nayo, wakaingiza maelezo, wakarekebisha, wakarudia tena na tena, mpaka wakagundua kwamba siri ilikuwa mwendo wa vidole. Sumaku zilihitaji sekunde 8 hivi kujipanga. Mtu akirekebisha maelezo ndani ya sekunde hizo, skrini ilionyesha mabadiliko lakini sehemu nyingine ya programu haikuyaona. Aliyechapa polepole hakupata tatizo kamwe. Aliyekuwa hodari, aliyeijua kazi yake kwa mkono, ndiye aliyefikia kosa. Wahandisi wa kampuni nao walipojaribu hawakuliona, hadi walipoambiwa wachape haraka.

Hebu fikiri maana yake. Yaelekea mashine ilikuwa imejaribiwa na watu wasioitumia kila siku. Ni kama hakuna aliyekaa pembeni ya mhudumu mzoefu, saa ya wagonjwa wengi, akatazama anavyofanya kazi.

Zuio la kwanza la kampuni, katika barua ya tarehe 15 Aprili 1986, lilikuwa kuwaambia wateja wang'oe kifuniko cha kitufe cha mshale wa juu na kuziba swichi yake kwa utepe wa umeme. Barua haikueleza hatari ni ipi. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, ilitangaza mwezi uliofuata kwamba mashine ina kasoro, ikalalamika kuwa barua ile haimwambii mtumiaji kwa nini afanye anachoambiwa. Mtu aliyeambiwa azibe kitufe bila kuambiwa sababu atakizibua siku akikihitaji.

Na lile swali la mashine za zamani, ambazo hazikumdhuru mtu? Katika chuo kikuu cha Chicago walikuwa na Therac-20, ile yenye vizuizi vya vyuma. Habari za Tyler zilipoenea, mwanafizikia wa huko alikumbuka jambo lililokuwa likimsumbua: kila kundi jipya la wanafunzi lilipoanza mazoezi, fyuzi za mashine ziliungua mara kwa mara, kisha wanafunzi wakizoea hali inatulia. Akachunguza. Kosa lile lile la programu lilikuwamo. Wanafunzi wapya, kwa kubonyeza ovyo, walikuwa wakiligonga, na kila walipoligonga vizuizi vilikata umeme. Kwa miaka yote hiyo kosa lilijitangaza kwa fyuzi zilizoungua, na wahandisi waliohamisha programu ile kwenye mashine isiyo na fyuzi za namna hiyo hawakuwa na habari. Kwamba kifaa hakijaua mtu ni jambo dogo kulijua. Ni lazima ujue pia ni nini kilichokizuia kisiue, kabla hujakiondoa.

Ajali ya mwisho, Yakima, Januari 1987, ilitokana na kosa lingine kabisa. Ndani ya programu kulikuwa na namba iliyoongezwa moja kila mzunguko wa ukaguzi, ikihifadhiwa katika baiti moja, ambayo haiwezi kupita 255. Kama mita ya gari kuukuu inayofika mwisho wa tarakimu na kurudi sifuri, namba ile ilirudi sifuri kila mzunguko wa 256, na programu ilisoma sifuri kuwa na maana moja: hakuna haja ya kukagua kama sahani iko mahali pake. Mhudumu akibonyeza kitufe katika nukta hiyo hasa, ukaguzi unarukwa. Mgonjwa alifariki Aprili.

Kwa hiyo hata kama kosa la Tyler lingerekebishwa mapema, lingine lilikuwa linasubiri, na ndiyo maana nasema tusikwame kwenye kosa la programu. Programu ndefu haikosi makosa. Programu ya Therac-25 iliandikwa na mtu mmoja, kwa miaka kadhaa, kwa lugha ya asembli ya kompyuta ya PDP-11. Aliondoka kampuni mwaka 1986, na kesi zilipofunguliwa wafanyakazi wenzake hawakuweza kueleza elimu yake wala uzoefu wake. Sipendi simulizi zinazomtupia yeye mzigo wote. Mtu mmoja hukosea. Kazi ya shirika ni kuhakikisha kosa la mtu mmoja halifiki kwenye mwili wa mgonjwa. Uchambuzi wa usalama uliofanywa Machi 1983 uliichukulia programu kana kwamba haiwezi kuwa na makosa yake yenyewe. Uwezekano wa kompyuta kuchagua nguvu isiyo sahihi uliandikwa kama moja kati ya bilioni mia moja. Namba ya namna hiyo haipimiki kwa jaribio lolote ambalo binadamu angeweza kulifanya wakati ule. Ilikuwa imani iliyovishwa nguo za hesabu, na ndiyo iliyoshuka ngazi kwa ngazi, kutoka ripoti hadi kitabu cha mafunzo, kutoka kitabu hadi kinywani mwa mhudumu aliyemwambia mama aliyeungua kwamba haiwezekani.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Katika chumba cha mionzi, wa kwanza kujua kwamba mambo yameharibika alikuwa mgonjwa, karibu kila mara. Alijua kabla ya daktari na mwanafizikia, na vipimo vya mashine vilikuwa bado vinaandika kwamba amepungukiwa. Na katika usanifu mzima wa mashine ile hapakuwa na mahali pa kuupokea ushahidi wake. Kengele ambayo mgonjwa angeibonyeza kukata miale haikuwapo. Hitilafu zote, za hatari na zisizo na hatari, zilikuja kwa sura moja, namba tu, na mtu akiona namba mia zisizo na maana ile ya mia na moja haimshtui. Kitufe cha kuendelea kilikuwa rahisi kuliko kitufe cha kuuliza.

Unaweza kudhani haya ni ya Marekani na Kanada, ya miaka arobaini iliyopita. Basi tuangalie kifaa ambacho huenda kimewahi kubanwa kwenye kidole chako mwenyewe.

Kanuni ya kipima oksijeni cha kidoleni ilibuniwa Japani na Takuo Aoyagi, mwaka 1974, na kifaa hicho ni miongoni mwa vifaa vilivyookoa watu wengi zaidi katika tiba ya kisasa. Kinapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, na kwa kulinganisha kiasi kinachofyonzwa kinakisia damu imebeba oksijeni kiasi gani. Hakuna sindano, hakuna maabara. Tatizo ni kwamba weusi wa ngozi nao hufyonza mwanga, na hesabu inayogeuza mwanga kuwa asilimia ilipangwa kwa kupima watu wa kujitolea, ambao wengi wao walikuwa na ngozi nyeupe.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliokuwa wakipumuliwa kwa mashine: kiwango cha asilimia 92 kwenye kifaa kilitosha kwa mgonjwa mzungu, lakini kwa mgonjwa mweusi ilibidi kifike 95 ndipo daktari awe na uhakika. Miaka thelathini ikapita. Desemba 2020, katikati ya korona, Michael Sjoding na wenzake wa chuo kikuu cha Michigan walilinganisha kifaa na vipimo vya damu ya mshipa wa ateri. Kati ya wagonjwa ambao kifaa kilionyesha 92 hadi 96, karibu 12 katika kila weusi 100 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wazungu walikuwa kama 4. Katika kipindi ambacho hospitali nyingi duniani ziliamua kwa namba hiyo nani alazwe, nani apewe oksijeni na nani arudi nyumbani, kifaa kiliwapamba watu weusi kwa pumzi wasiyokuwa nayo.

Mtu anasema: sipumui vizuri, kifua kimebana. Muuguzi anatazama kidole: 94. Anamwambia, dada, oksijeni yako iko sawa. Ni mazungumzo ya Marietta yaliyopunguzwa sauti. Wala sidhani kuna mhandisi aliyekusudia ubaya huu. Mwongozo wa FDA wa 2013 ulitaka kifaa kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, na angalau 2 kati yao, au asilimia 15 ya wote, wawe na ngozi nyeusi sana. Aliyetimiza masharti hayo alikuwa ametimiza sheria. Lakini mhandisi aliyejua habari za 1990, na taaluma yake inamtaka ajue, alikuwa anajua pia kwamba sheria imeachia mlango wazi. Sheria ni sakafu. Anayebuni kifaa kitakachovaliwa kidoleni Mwanza, Kisumu na Bujumbura hana haki ya kukijaribu kwa watu wawili wenye rangi ya wakazi wa huko na kulala usingizi.

Kuna wahandisi waliofanya tofauti, na kazi yao inanipa moyo kuliko kiapo chochote. Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati mara nyingi hushindwa kupumua kwa sababu mapafu hayajakomaa. Msaada wao ni hewa yenye shinikizo dogo la kudumu puani, ambayo huyazuia mapafu yasinywee. Mashine za kawaida za kazi hiyo ziligharimu maelfu ya dola. Katika chuo kikuu cha Rice, Texas, wanafunzi na walimu wao walitengeneza kifaa kilichokuja kuitwa Pumani, kwa pampu za aina inayotumika kwenye matangi ya samaki wa mapambo, kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na wakakijaribu pamoja na madaktari na wauguzi wa hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kati ya watoto waliotibiwa kwa kifaa hicho walinusurika asilimia 71, na kati ya waliopata oksijeni ya kawaida walinusurika asilimia 44.

Bei ndiyo husifiwa zaidi. Mimi navutiwa na maji. Upande mmoja wa mrija unaotoka kwa mtoto huzamishwa kwenye chupa ya maji, na kina cha mrija ndicho kinachopanga shinikizo: sentimita 6 za kina, shinikizo la sentimita 6 za maji. Mapovu yakitoka, shinikizo lipo. Mapovu yakikoma, hewa inavuja mahali, labda puani, labda kwenye kiungio. Muuguzi mwenye watoto wengi wodini anaweza kusimama katikati na kutazama chupa. Mama wa mtoto, ambaye hajawahi kushika kifaa cha hospitali, akielezwa mara moja anaweza kuita: nesi, maji hayachemki tena. Na ataaminiwa, kwa sababu kila mtu anaona anachokiona. Huo ni uamuzi wa kihandisi kama ule wa kuondoa vizuizi katika Therac-25, ila umeelekezwa upande wa pili.

Hospitali zetu sasa zinajaa mashine zilizobuniwa mbali. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inatibu kwa mashine za kisasa za mionzi ambazo ni wajukuu wa Therac-25, salama kuliko babu yao kwa sehemu kwa sababu ya waliokufa Tyler na Yakima. Vipo vifaa vingine vingi vinavyofika bila mafunzo, bila vipuri, na vingine hunyamaza mapema. Lora Perry na Robert Malkin walikadiria mwaka 2011 kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa vya hospitali katika nchi maskini havikuwa vikifanya kazi. Kifaa kibovu kabatini hakimuunguzi mtu, ila kinawafundisha wauguzi kwamba hitilafu ni jambo la kawaida. Ndivyo alivyokuwa amefundishwa yule mhudumu wa Tyler.

Tuna wahandisi wetu pia. Vyuo vya Tanzania na Kenya vinafundisha uhandisi wa vifaa tiba, na vijana wanaotoka huko wengi hawataunda mashine mpya. Watazifunga, watazitengeneza, watazikagua, na wao ndio watakaopokea simu usiku kutoka hospitali ya wilaya. Nawaambia kwa dhati kwamba jukumu lao si dogo kuliko la aliyebuni. Kama muuguzi wa Tunduru anapiga simu kusema pampu ya dawa imempa mgonjwa zaidi ya alichoandikiwa, na fundi akajibu kwamba labda ulibonyeza vibaya, sentensi ya Marietta imetamkwa kwa Kiswahili. Simu hiyo iandikwe. Kifaa kiondolewe kwa wagonjwa mpaka sababu ijulikane, na taarifa ifike kwa mamlaka inayosimamia vifaa hivyo, ambayo Tanzania ni TMDA na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, ili hospitali ya pili isije ikaambiwa kwamba yenyewe ni ya kwanza.

Mashine za Therac-25 hatimaye zilirekebishwa, na mtu anayetaka kujua ni nani aliyesukuma ataona kwamba watumiaji walikuwa na mkono mkubwa. Wanafizikia wa hospitali zenye mashine zile waliunda umoja wao, wakabadilishana habari ambazo kampuni haikuwapa, wakadai vizuizi vya vyuma na umeme virudishwe. Februari 1987 FDA ilipendekeza mashine zisitumike mpaka zirekebishwe. Katika marekebisho ya mwaka huo iliwekwa saketi ya kukata miale isiyotegemea programu, na ujumbe wa hitilafu ukapewa maneno yanayoeleweka.

Kwa kipima oksijeni nafasi hiyo ya kudai iko wazi sasa. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo mpya inayotaka majaribio yafanywe kwa watu 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali za ngozi zilizopimwa. Rasimu hiyo inahusu soko la Marekani. Sisi tuna zabuni zetu: Bohari ya Dawa Tanzania na KEMSA Kenya hununua vifaa tiba kwa wingi, na kila zabuni ina ukurasa wa masharti ya kiufundi unaoandikwa na mhandisi au kwa ushauri wake. Mstari mmoja unatosha: mwuzaji alete matokeo ya majaribio kwa watu wenye ngozi nyeusi, wangapi walipimwa, na kifaa kilitofautiana kiasi gani na vipimo vya damu ya mshipa wa ateri. Mwuzaji asiye na matokeo hayo aambiwe akayatafute kwanza, kisha arudi.